Mgombea Asiyetaja Kifungu Hajasema Kitu

Novemba 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota nchini Marekani, habari ilienea Afrika Mashariki kwa kasi. Tulipongeza, tukasambaza picha, tukajivunia mwenzetu. Furaha ile ilistahili. Hata hivyo, katika pongezi zote nilizozisoma sikumwona mtu aliyeuliza swali ambalo mpiga kura wa Minnesota hakuwa na njia ya kulikwepa: katika bunge hilo anaenda kupigia kura nini?

Uchaguzi ule uliligawa Baraza hilo viti 67 kwa 67. Miezi ishirini na miwili kabla yake, Januari 2023, sheria ya kulinda haki ya kutoa mimba katika jimbo hilohilo ilipita kwenye Seneti kwa kura 34 dhidi ya 33. Seneta mmoja tu wa upande ulioshinda angelazwa hospitalini siku hiyo, muswada ungekwama. Kiti kimoja katika bunge ambalo wengi wetu hatukujua kwamba lipo ndicho kilichoamua.

(Kabla sijaendelea, neno moja la ufafanuzi. Kwetu Tanzania “jimbo” ni eneo analotoka mbunge. Katika makala haya jimbo ni Texas, Ohio, Arizona na wenzao, na pale anapotoka mbunge nitapaita eneo la uchaguzi.)

Tumezoea kuitazama siasa ya Marekani kupitia Ikulu yao. Wanafunzi wangu wanaweza kukutajia mawaziri wa Washington kwa majina, na redio zetu hukesha na matokeo ya urais. Lakini tangu tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotengua hukumu yake ya mwaka 1973 katika shauri la Roe dhidi ya Wade, swali la lini mwanamke anaweza kutoa mimba, kwa sababu gani, na nani afungwe akikosea, limetoka Washington. Mahakama ilisema suala hilo lirudi kwa wananchi na wawakilishi wao waliochaguliwa. Kwa sehemu kubwa wawakilishi hao ndio wabunge wa majimbo: watu zaidi ya elfu saba, baadhi yao wakilipwa posho ambayo diwani wa Kinondoni angeicheka. Mbunge wa New Hampshire hulipwa dola 100 kwa mwaka. Watu hao leo wana mamlaka juu ya chumba cha kujifungulia kuliko Rais.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Mgombea wa bunge la jimbo anayesema “natetea uhai” hajatoa msimamo. Anayesema “naamini katika uhuru wa mwanamke kuchagua” naye hajautoa. Na yule anayesema “jambo hili tuwaachie wananchi” ndiye mjanja kuliko wote. Msimamo wa mtunga sheria ni kifungu cha sheria. Asiyekitaja anaomba kura gizani, na gharama ya giza hilo hatailipa yeye.

Ugonjwa huu una historia. Kwa miaka 49, kuanzia 1973 hadi 2022, mbunge wa jimbo la Marekani alikuwa na kitu ambacho mwanasiasa yeyote angekitamani: kura ya bure. Angeweza kupiga kura ya kupiga marufuku utoaji mimba kuanzia siku ya kwanza, akapigiwa makofi kanisani Jumapili, huku akijua fika kwamba mahakama ingeizuia sheria hiyo isimguse mtu. Mwenzake wa upande wa pili angeweza kutoa hotuba kali za haki bila kuandika sheria yoyote ya kuilinda haki hiyo, kwa kuwa mahakama ilikuwa ikimfanyia kazi. Mmoja alipata sifa bila lawama, mwingine alipata usingizi bila kazi.

Matunda ya kura ya bure yalikuwa sheria za kungoja. Majimbo 13 yaliandika sheria zilizosema, kwa maneno mengi au machache, kwamba siku Roe itakapoanguka, utoaji mimba utakuwa jinai hapa. Zilitungwa kama mtu anavyoandika wosia wa mali asiyokuwa nayo. Tennessee ilipitisha yake mwaka 2019. Ilimweka daktari katika hatari ya kifungo cha miaka mitatu hadi kumi na mitano, na haikuwa na msamaha wa wazi hata pale maisha ya mama yalipokuwa hatarini. Kilichowekwa ni utetezi. Daktari aokoe mgonjwa kwanza, ashtakiwe, kisha asimame kizimbani kuthibitisha kwamba alilazimika. Agosti 2022 sheria ile ilianza kufanya kazi. Mwaka 2023 ndipo bunge liliporudi kuandika kwamba kuondoa mimba iliyotunga nje ya kizazi si jinai.

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haiwezi kuzaa mtoto hai mwenye afya. Inaweza kupasua mrija na kumuua mama kwa kuvuja damu ndani. Muuguzi yeyote wa kituo cha afya cha Mkuranga anajua hilo. Je, wale wabunge wa 2019 walikuwa wakatili? Sidhani. Walikuwa hawajaulizwa. Hakuna mpiga kura aliyesimama katika ukumbi wa kampeni kuwaambia: umesema unatetea uhai, sasa tusomee kifungu kinachomhusu mama ambaye mimba yake imetunga kwenye mrija. Kaulimbiu ilitosha, na kaulimbiu haina mirija.

Texas ni funzo kubwa zaidi. Mwaka 2021 bunge lake lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza ilimruhusu raia yeyote kumshtaki mtu aliyesaidia utoaji mimba baada ya mapigo ya moyo kusikika, na akishinda alipwe si chini ya dola 10,000. Ya pili ilikuwa sheria ya kungoja: kifungo kinachoweza kufika maisha, na faini isiyopungua dola 100,000. Ndani yake mlikuwa na msamaha kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama. Wagombea walipoulizwa, waliuonyesha msamaha huo kwa kidole: si mnaona, mama tumemlinda. Lakini daktari aliyekuwa na mgonjwa ambaye chupa imepasuka wiki ya kumi na saba, mtoto hawezi kupona, na homa bado haijapanda, alijiuliza swali ambalo mgombea hakuwahi kujiuliza. Je, hatari hii imeshakuwa hatari ya kutosha? Nisubiri homa ifike ngapi ndipo mwendesha mashtaka aniamini?

Miaka minne baadaye, mwaka 2025, Texas ilitunga sheria nyingine ya kufafanua hali ya dharura, na kueleza kwamba daktari halazimiki kusubiri mpaka kifo kiwe mlangoni. Aliyeiwasilisha katika Seneti alikuwa Bryan Hughes, seneta yuleyule aliyeiandaa ile ya raia kushtaki raia. Simdharau kwa kurudi. Mtu anayerekebisha kazi yake ni bora kuliko anayeificha. Ninachouliza ni kwa nini ufafanuzi huo haukudaiwa kwake mwaka 2021, wakati ulikuwa wa aya chache tu. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wanawake waliongojeshwa. Huko Georgia, penye katazo la takribani wiki sita, kamati rasmi ya jimbo inayochunguza vifo vya wajawazito iliona kwamba angalau vifo viwili vingeweza kuzuilika. Vyombo vya habari vilipoyatangaza hayo mwaka 2024, serikali ya jimbo iliwaondoa wajumbe wote wa kamati kwa sababu taarifa za siri zilikuwa zimevuja. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaielewa lugha hiyo bila tafsiri.

Najua mtakaonijibu kwamba mimi ni mtetezi wa utoaji mimba niliyejificha nyuma ya vifungu. Nawaheshimu wanaoamini, kwa dini au kwa falsafa, kwamba uhai wa binadamu huanza pale mimba inapotunga. Ni imani yenye uzito, na wapo wengi walioibeba kwa uaminifu na kwa matendo ya huruma. Lakini mtu wa imani hiyo ndiye anayepaswa kudai kifungu kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa sheria mbovu iliyoandikwa kwa jina lake itamuua mama na mtoto kwa pamoja, halafu jina litakalochafuka ni la imani yake. Asiyekubali mama afe kwa mimba isiyoweza kupona amwulize mgombea wake, kwa sauti, amelindaje jambo hilo katika maandishi.

Upande wa pili nao hauponi. Wagombea wengi wa chama cha Democratic wakiulizwa kuhusu kikomo, wiki ya ngapi, kwa sababu zipi, hurukia hadithi ya daktari na mgonjwa wake, kana kwamba swali halikuulizwa. Majibu yapo na yanaweza kutetewa hadharani. Takwimu za serikali yao zinaonyesha kwamba takriban asilimia moja tu ya utoaji mimba hufanyika wiki ya 21 au baadaye. Majimbo kadhaa, Minnesota ikiwemo, hayana kikomo cha wiki katika sheria. Mengine yanaweka mpaka pale mtoto anapoweza kuishi nje ya tumbo. Hiyo ni misimamo miwili tofauti, na mpiga kura ana haki ya kujua mgombea wake yuko katika upi. Anayeogopa kuitamka ameshakiri kwamba hana imani na hoja yake.

Katika ufundi wa maneno, mwaka 2023 huko Virginia ulinivutia zaidi. Gavana Glenn Youngkin aliongoza kampeni ya chama chake ya kutwaa mabunge yote mawili kwa ahadi ya katazo la wiki 15, lakini wagombea walihimizwa kuliita “kikomo”, si “marufuku”. Neno likabadilishwa, kifungu kikabaki kilekile. Wapiga kura hawakudanganyika: chama chake kikapoteza Baraza la Wawakilishi na kikashindwa kuichukua Seneti. Sisemi kwamba walishindwa kwa neno moja, uchaguzi una mambo mengi. Nasema tu kwamba mwanasiasa anapoanza kuhangaika na jina la kitu badala ya kitu chenyewe, mpiga kura hunusa.

Sasa nimrudie yule mjanja, wa “tuwaachie wananchi”. Inapendeza masikioni, tena ina harufu ya demokrasia. Tatizo ni kwamba wananchi wakishaamua, msemaji huyo hugeuka kiziwi. Agosti 2022, wapiga kura wa Kansas, jimbo la kihafidhina lisilo na shaka, walikataa kwa asilimia 59 kuiondoa haki hiyo katika katiba yao. Huko Ohio, viongozi wa bunge walipoona kura ya wananchi inakuja Novemba 2023, waliitisha kura nyingine Agosti ya mwaka huohuo ili katiba isibadilishwe tena bila asilimia 60. Wananchi wakaikataa hila hiyo, kisha Novemba wakaipitisha haki ya kutoa mimba kwa asilimia 57 hivi. Na Missouri! Novemba 2024 wananchi waliiandika haki hiyo katika katiba kwa wingi mwembamba. Mei 2025 bunge la jimbo likapitisha pendekezo la kuifuta, lirudi kwenye karatasi ya kura Novemba 2026. Basi nikimsikia mgombea wa Missouri akisema wananchi waamue, nitamwuliza: mara ngapi?

Haitoshi kujua msimamo wa gavana, wala wa chama. Arizona ilionyesha hivyo kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya angeona aibu kuibuni. Tarehe 9 Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba sheria ya mwaka 1864 inaweza kutumika, sheria iliyomruhusu daktari kuokoa maisha ya mama na basi. Mwaka 1864 Arizona haikuwa hata jimbo. Ililipata hadhi hiyo mwaka 1912. Sheria ile ilitungwa na wanaume watupu, katika eneo ambalo wanawake hawakuwa na kura. Wiki chache baadaye bunge liliifuta, na katika Seneti kura zilikuwa 16 dhidi ya 14, maseneta wawili wa Republican wakiwa wameungana na Democratic. Wawili hao wangefuata mkondo wa chama, karne ya kumi na tisa ingerejea wodini.

North Carolina ilikwenda upande mwingine. Novemba 2022, wapiga kura wa eneo moja karibu na Charlotte walimchagua Tricia Cotham kwa tiketi ya Democratic. Mapema 2023 alikuwa miongoni mwa waliounga mkono muswada wa kuilinda haki ya kutoa mimba. Aprili akahamia Republican. Mei kura yake ilikuwa mojawapo ya 72, kiwango kilekile kilichohitajika, zilizoibatilisha kura ya turufu ya Gavana Roy Cooper dhidi ya katazo la wiki 12. Sisi tuliozoea wabunge kuunga mkono juhudi tunaijua filamu hiyo mpaka mwisho wake. Tofauti ni kwamba kwetu anayehama chama hupoteza kiti, kule anabaki nacho.

Nisije nikaonekana nadhani kusema wazi ni jambo rahisi. Aprili 2023 huko South Carolina, maseneta wanawake watano waliungana kuzuia katazo la karibu utoaji mimba wote, wakazungumza kwa saa nyingi mpaka muswada ukakwama. Watatu kati yao walikuwa wa Republican: Katrina Shealy, Sandy Senn na Penry Gustafson. Walipewa tuzo ya ujasiri inayobeba jina la Rais John F. Kennedy. Juni 2024, katika kura za maoni za chama chao, wote watatu walitupwa nje. Na hapo ndipo penye mzizi wa ukimya wa wagombea. Katika maeneo mengi ya uchaguzi Marekani, ramani imechorwa hivi kwamba mshindi anajulikana tangu kura za maoni, nazo hupigwa na wachache wenye hasira. Mgombea hupima hasira yao, huwapa kaulimbiu waitakayo, kisha mbele ya umma mpana huishusha sauti.

Kwa hiyo mpiga kura afanye nini? Ningekuwa na jamaa huko, na wengi wetu tunao, kwani Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopokewa Marekani kama wakimbizi katika miaka hii kumi na mitano ni maelfu kwa maelfu na wengi sasa ni raia wenye kura, ningemwambia asiulize “uko upande gani”. Aulize mambo yenye meno. Ni nani anayeamua kwamba maisha ya mama yako hatarini, daktari aliye kitandani au mwanasheria wa serikali miezi sita baadaye? Neno lililoandikwa ni “maisha” tu, au “afya” nayo imo? Msichana aliyebakwa anahitaji karatasi ya polisi kwanza, na je, umewahi kumwona msichana wa miaka kumi na miwili akienda polisi kumshtaki baba yake wa kambo? Daktari akikosea ni miaka mingapi? Mama naye anashtakiwa? Dawa zinazotumwa kwa posta, utamfunga nani? Mgombea atakayejibu hayo, hata kama simkubali, nitamheshimu. Atakayejibu kwa machozi na picha ya familia yake, aende.

Nalo la kwetu nisilifunike. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba na miaka saba mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, miaka mitatu kabla ya ile ya Arizona tuliyoishangaa hapo juu. Uingereza yenyewe ilijirekebishia mambo mwaka 1967. Mwaka 2007 tuliridhia Itifaki ya Maputo, ambayo ibara yake ya 14 inataja ubakaji, maharimu, na hatari kwa afya ya mama, ya mwili na ya akili. Maneno hayo hayajaingia katika Sura ya 16. Kenya angalau iliandika katika ibara ya 26 ya katiba yake ya 2010 kwamba hatari kwa maisha au afya ya mama ni sababu, na kwamba mwenye kuamua ni mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Wanabishana bado mahakamani, lakini wanabishana juu ya maandishi yao wenyewe.

Kifungu chetu kinazungumzia upasuaji. Leo daktari wa wilaya ana vidonge kabatini vinavyofanya kazi ambayo zamani ilihitaji kisu. Je, kidonge ni upasuaji? Mimi si mwanasheria, lakini nimewauliza wanasheria watatu, nikapata majibu matatu. Kampeni nilizozihudhuria tangu nianze kupiga kura sikuwahi kumsikia mgombea ubunge akiulizwa hilo, wala mimi mwenyewe sikuwahi kunyoosha mkono.